Redio ya baba inanitangulia goli

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika manake hapa stejini nikimgusia mtu ananiambia wewe una shida gani, wenzako wanalilia karo wewe walilia mpira. Lakini mama, hili jambo limeanzia kwa mpira tu, lilipofika ni kwengine na mimi silali vizuri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Barani hapa Malindi na mke wangu, watoto watatu na babangu mzazi ambaye tuko naye tangu mama afariki. Naendesha tuktuk. Wiki nzima niko barabarani, mara Casuarina, mara sokoni, nikipata mtu wa Watamu nashukuru Mungu, na Jumamosi ndo siku yangu. Jumamosi napaki mapema, naoga, mke wangu anachemsha kahawa, tunatandika mkeka mbele ya TV tunaangalia mpira. Sinywi, sitafuni miraa, sina mambo ya nje, starehe yangu ni hio moja.

Na raha yake si goli peke yake wallahi. Mi napenda hata pale kabla hawajaanza, kamera iko juu unaona uwanja wote kijani kibichi umekatwa mistari mistari kama kikoi, halafu wachezaji wamesimama kwenye ule ushoroba wanangoja kutoka na kila mmoja anaangalia miguu yake. Napenda marudio ya polepole unaona wavu unavyovimba kisha unarudi. Napenda zile mechi za saa kumi na mbili jioni wakati kwao ni baridi, adhana ya Magharibi inatukuta kipindi cha kwanza, naizima sauti, tunaswali, tunarudi. Hizo kwao ni za saa tisa mchana na nilikuja kujua kwamba wao wenyewe kule Uingereza hawaonyeshwi laivu kwa TV mechi za saa hio ya Jumamosi, ukitaka kuiona nenda uwanjani, lakini sisi Barani tunaiona tumekaa chini. Kila nikikumbuka hilo nafurahi upya.

Kero ziko pia, nani hazijui. Tangazo linakatiza kabla refa hajapuliza. Wanakuonyesha marudio ya faulo hali mpira unachezwa, wakirudi mtu ashafunga na we hukuona alipotokea. Na nilipokuwa na dishi, mvua ya masika ikishika tu picha inagandaganda mpaka inakufa kabisa, basi mwaka jana nikahamia intaneti, nalipia kwa mwezi, picha safi mvua inyeshe isinyeshe. Ila inachelewa. Majirani wa dishi wanapiga kelele goli, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nikawa nafunga madirisha na simu naizima, nikazoea.

Sasa ndo nije kwa babangu. Ana miaka 74, mzaliwa wa Ngomeni, alikuwa mvuvi, mpaka leo anawahadithia wajukuu jinsi Waitaliano walivyokuwa wakirusha roketi kule baharini na jinsi alivyokuwa kijana 1970 pale iliporushwa ile setilaiti iliyoitwa Uhuru. Macho yake yalianza kufifia miaka mitatu minne hivi, anasema ni kama ukungu na taa za gari usiku zinamtawanyikia, nikimwambia twende hospitali anasema ni uzee na uzee hauna dawa. Mechi ya mwisho aliyoiona sawasawa ni fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar, 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa, ile ya tatu tatu mpaka penalti. Pale mwishoni kabisa Martínez, kipa wa Argentina, alipoutoa kwa mguu ule mpira wa Kolo Muani wa Ufaransa, mzee alisimama, akanishika bega akanambia umeuona mguu ule? Umeuona? Baada ya hapo kila mechi akawa anauliza mpira uko wapi, nani anao.

Ndo ikaingia redio. Kiredio chenyewe ni kidogo cha betri, kifuniko cha nyuma kilishapotea kimefungwa raba ya kufungia pesa, na kile kitufe cha kutafutia stesheni amekichonga alama kwa kisu ili kidole kipajue. Anakishikilia sikio la kushoto, mkono wa kulia ameuweka gotini kwangu. Yeye ni mtu wa redio tangu zamani, alikuwa mvulana wakati Feisal ya Mombasa inabeba ligi 1965, na anaweza kukuigizia marehemu Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira mpaka ukadhani na watu wa uwanjani wako humo kooni mwake.

Sasa redio iko mbele ya picha yangu kama nusu dakika na zaidi. Mwanzoni ilikuwa mchezo, watoto waliona Babu mtabiri, anasema "hii kona ni goli" na inakuwa goli kweli. Baadaye ikaanza kunichoma. Nikamwomba apunguze sauti, akapunguza, lakini akisikia goli anaguna. Nikamwomba asigune, asiseme kitu, akajizuia maskini, lakini mkono ule wa gotini unabana. Hata asiponena mkono unanena. Nikawa naangalia mpira nusu, nusu nangojea goti libanwe. Pahala pekee tulipokuwa sawa ni kwenye VAR, pale marefa wanapoangalia tena tukio kwa video. Refa akishika sikio, redio inangoja, TV inangoja, mzee hajui na mi sijui, tunabishana, namweleza ule mstari wanaouchora, anauliza "kwa hivyo ni kidole cha mguu ndo kimetangulia?" tunacheka sote.

Basi ikaja CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ijumaa 22 Agosti 2025, robo fainali, Kenya na Madagascar pale Kasarani. Mama, unajua nchi ilivyokuwa wiki zile, tushaipiga Congo, tushaipiga Morocco, tushaipiga Zambia, kila mtu na jezi. Nyumba ilijaa, shemeji zangu, majirani, watoto. Moja moja, nyongeza, moja moja, penalti. Mzee alikuwa nyuma kidogo na kiti chake, redio sikioni. Kwa TV yangu mchezaji bado anatembea kwenda kuuweka mpira, watu wameshikana mikono, na mara nyuma yangu nasikia mzee kwa sauti ya kulia kabisa, "Wametutoa. Ya Rabi, wametutoa."

Watu wote waligeuka. Kwa kioo mtu bado anatembea.

Sijui nilipatwa na nini. Niliinuka nikampokonya ile redio mkononi, nikatoa raba, betri zikaanguka moja ikabingirika mpaka chini ya kabati, nikamwambia mbele ya watu, "Si ungenyamaza tu mara moja, hata mara moja!" Hakujibu. Alikaa kidogo, kisha akaomba bakora yake, binti yangu wa gredi ya nne akampa na kumshika mkono wakaenda chumbani. Sisi tukabaki kuangalia tukitolewa.

Asubuhi nilinunua betri mpya, nikaitia raba, nikamwekea kitandani. Akasema ahsante mwanangu. Lakini tangu siku ile haji sebuleni kukiwa na mpira. Redio anafungua ya habari na matangazo ya vifo, mpira ukianza anaizima. Nikimwita anasema nyinyi tazameni mi nimechoka. Na mimi sasa naangalia mpira bila mtu kuniharibia goli na sioni utamu wowote, goli likiingia naangalia goti langu. Binti yangu aliniuliza, "Baba, redio ya Babu ilikosa nini?"

Mke wangu asema nikae naye chini nizungumze. Kakangu aliye Mombasa asema ni mambo ya mpira hayo, mnunulie vile vya kutia masikioni yaishe, na dada yetu ameshaanza maneno kwamba amchukue yeye. Rafiki yangu wa stejini asema nirudi vidioni, vile vibanda vya kulipia kuangalia mpira, kama zamani nimwachie mzee nyumba asikilize atakavyo. Na mimi, nikisema kweli, bado natamani kuangalia mpira bila kuambiwa mbele. Je, ni dhambi? Nifanyeje mama?

Mwana wa Mzee, Barani, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuniandikia kwa kirefu hivi, manake wengine huniletea mistari miwili wakataka nimalize.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Na kabla ya yote nikwambie sikuoni mtu wa kulilia mpira. Mtu afanyaye kazi siku sita ana haki ya saa mbili ambazo hajui kitakachotokea na anakingojea kwa furaha, na utamu wa mpira ndo huo hasa, kutojua. Ukiambiwa mbele umenyang'anywa kitu, ni kweli umenyang'anywa, sitakwambia eti hukuumia. Kwa hivyo ulivyouliza kama kutamani hivyo ni dhambi, mimi siioni hapo dhambi. Tuyaweke hayo kando tuangalie mengine.

Nikiielewa vizuri, shida yako ina vyumba viwili na wewe umeiandika kama kimoja. Kimoja ni namna gani baba asikie mpira na wewe uone mpira bila kuharibiana. Cha pili ni ule usiku wa Ijumaa. Ushauri wote uliopewa, wa kakako na wa rafiki yako, ni wa chumba cha kwanza, na mkeo peke yake ndo amegonga mlango wa pili. Naogopa ukitengeneza cha kwanza tu, ukanunua vifaa, ukahama, mzee ataendelea kuwa chumbani kwake na redio imezimwa.

Angalia ulichoandika. Umenunua betri, umetia raba, umemwekea kitandani, naye akasema ahsante. Nimetafuta barua nzima nione wewe ulimwambia nini na sikuona. Labda ulisema ukasahau kuandika. Kama hukusema, basi mzee amerudishiwa redio, maneno uliyomtolea mbele ya shemeji zako hayajarudishwa. Na yeye ni mstaarabu, kakujibu la ahsante akanyamaza, wazee wetu wa pwani wengi wako hivyo, hakwambii nimeumia, anakwambia nimechoka.

Lakini hapo pia nenda polepole, manake wewe umeshajiamulia kwamba amekukasirikia. Unajuaje? Inawezekana amekasirika, ndio. Inawezekana pia anaona haya, kwamba yeye ndo aliyewaharibia watu usiku wa nchi nzima, na anakaa mbali kukuhurumia wewe. Umemwomba mara mbili, akapunguza sauti, akajizuia asigune, mtu wa miaka 74 anajibana asipumue kwa nguvu kwa ajili yako, huyo si mtu asiyejali mpira wako. Au labda ni jambo la tatu ambalo mimi na wewe hatulijui. Hujamuuliza, na mimi siwezi kumsemea.

Kuna jambo jengine nataka ulitazame upya. Unasema redio iko mbele. Nilikaa na kijana mmoja fundi wa mambo haya akanieleza mpaka nikaelewa. Picha ya intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo vya sekunde chache, kila kipande kinasafiri peke yake, na TV yako haionyeshi mpaka ikusanye vipande kadhaa mkononi, ndo maana haikatiki hata mvua inyeshe, inakuwa na akiba. Akiba hio ndo kuchelewa kwenyewe. Dishi nalo linapokea kutoka kwa setilaiti iliyo juu kama kilomita 36,000 na bado inafika mapema kuliko ya intaneti, manake safari yote ile ya kwenda juu na kurudi ni kama robo ya sekunde, kinachokula muda ni kule kuzifunga picha na kuzifungua. Redio ya betri haina mzigo huo, ni sauti tu, nyepesi, inatoka mdomoni kwa mtu inaingia sikioni. Kwa hivyo usiku ule, mwanangu, katika nyumba yenu nzima iliyojaa watu, aliyekuwa karibu zaidi na Kasarani ni yule mzee wa kiti cha nyuma. Nyinyi mlikuwa mnaangalia jambo lililokwisha. Yeye alitolewa peke yake, akalia peke yake, nusu dakika kabla yenu, na watu walipogeuka hawakugeuka kumfariji. Sikwambii haya nikuongezee mzigo. Nakwambia kwa sababu umekuwa ukimwona kama mtu anayekuharibia, na huenda ukimwona kama mtu anayetangulia peke yake kila mara, utasikia tofauti.

Na mkono ule wa gotini. Umeuandika kama kero, na ni kero, naelewa. Ila mwisho wa barua ni goti hilohilo unaliangalia goli likiingia.

Sasa njia zako, moja moja, na kila moja nikwambie inapoweza kukuteleza.

Kurudi vidioni. Mimi sitakuambia usiende, wala sidhani ni kumkimbia baba. Mtu anayemlea mzazi anahitaji mapumziko yake, na kelele za wanaume hamsini kwenye mabenchi ni raha ambayo sebule haikupi. Lakini ukienda sasa hivi, kabla hamjazungumza, mzee atalielewa vipi? Atasema nimemfukuza mwanangu nyumbani kwake. Na huyu dada anayetaka kumchukua akisikia kwamba Jumamosi wewe hupo na mzee kajifungia, maneno yatakuwa mengine. Ukienda baada ya kuzungumza, ukamwambia Jumamosi hii niko vidioni, ya wiki ijayo niko na wewe, hilo ni jambo jengine kabisa.

Vile vya kutia masikioni. Ni rahisi na ni bei ndogo, naona kwa nini kakako alivitaja. Vitazuia sauti ya mtangazaji, havitazuia kuguna wala mkono. Na kuna hili, mtu asiyeona masikio ndo macho yake. Ukimziba yote mawili humzibii mpira tu, unamzibia adhana, wajukuu wanaopita, mlango unaobishwa. Kama mtajaribu, jaribuni sikio moja, na yeye ndo aseme kama anataka.

Kumwomba akae nanyi bila redio, afuate sauti ya TV. Hapa ndo wengi hukosea wakidhani mtangazaji ni mtangazaji. Wa TV anajua we unaona, kwa hivyo anakwambia jina la mtu tu na kunyamaza, au anaanza kuhadithia mechi ya mwaka jana hali mpira unakwenda. Wa redio anakuchorea, mpira uko wingi ya kulia, anamtoka mmoja, anainua kichwa, anatia majalo. Mzee aliyelelewa na watangazaji wa aina ya Mambo Mbotela ukimpa sauti ya TV ni kama kumpa wali mkavu. Baadhi ya mechi zina utangazaji wa Kiswahili ukibadilisha lugha kwenye TV na hio inasaidia kidogo, angalieni kama yenu inayo.

Kurudi dishi. Pengo litapungua, huenda likawa la sekunde chache, hata mkono wa gotini ukibana mpira unakuwa ushafika kwenye boksi. Lakini ni gharama, na masika utarudi kwenye picha za kuganda. Kuna ujanja mwengine, stesheni nyingi za redio siku hizi zinasikika pia kwa simu, na sauti ya intaneti nayo inachelewa, pengine ikalingana na picha yenu au hata kuwa nyuma yake. Sauti unaweza kuichelewesha, picha huwezi kuiharakisha. Ila simu haina kitufe kilichochongwa alama kwa kisu. Kumtoa mzee kwenye kitu ambacho kidole chake kinakijua, ukampa kioo laini ambacho hakioni, hilo si dogo na ningeliogopa. Labda simu ishikwe na mtu mwengine.

Na mtu mwengine nimemwona kwenye barua yako. Huyo binti wa gredi ya nne, aliyempa bakora na kumshika mkono. Mtoto wa umri huo anasoma namba za jezi, anajua nani mwekundu nani mweupe. Amtangazie Babu kile kilicho kwenye kioo, laivu ya kwenu. Atakosea, atasema kona wakati ni golikiki, Babu atamsahihisha, na wewe utasumbuliwa na makelele ya watu wawili badala ya mmoja. Sijui kama utaweza kustahimili. Na asifanywe kazi, akichoka aende akacheze. Wewe mwenyewe pia ungeweza kumtangazia, lakini nasita kukutwisha hilo kila wiki, manake Jumamosi ni ya mapumziko yako na ukichoka uchovu wako utautoa kwake tena.

Unakumbuka uliposema kwenye VAR mlikuwa sawa? Umelipita haraka, mimi nilisimama hapo. Wakati wengine wote wanalalamika wanaungoja mstari, nyinyi ndo mlikuwa mnacheka. Ulikuwa unamweleza, anauliza, unajibu. Mzee hakuwa anataka kukuwahi. Alitaka kuwemo.

Sasa kuna kitu umekiandika kwa mstari mmoja ukaenda zako na mimi siwezi kukiacha. Ukungu. Taa za gari zinamtawanyikia. Anasema ni uzee. Mimi si daktari na wewe si daktari na mzee si daktari. Ukungu wa namna hio mara nyingi kwa watu wa umri wake huwa ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Wanatia dawa ya ganzi, wanaiondoa ile lenzi iliyoingia wingu na kuweka ya plastiki, kazi ambayo kwa kawaida haimalizi hata saa nzima, na watu wengi huona tena vizuri. Lakini inaweza pia kuwa presha ya macho, ambayo inaua mshipa wa jicho taratibu, na iliyokwenda hairudi, ila dawa ya matone inaweza kuzuia iliyobaki isiende. Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa mawili pamoja. Kwa hivyo kungoja si sawa kwa yote, kuna la kungoja lisidhuru na kuna la kungoja likala.

Sitaki umwambie "twende ukaone mpira tena". Ukimpa tumaini hilo na ikawa ni ile isiyorudi, umemvunja mara mbili. Na sitaki aende kwa kuburutwa. Mwambie tu unataka kujua ni nini, kwamba nawe hulali. Akikataa, usiliwache wala usilipige nyundo kila siku. Pengine anaogopa kisu na haya yake hayamruhusu kusema. Pengine anaogopa kukugharimu, anakuona unavyotoka alfajiri na tuktuk. Muulize hilo kwa upole, na kakako na dadako, badala ya kugombea nani akae naye, wapigiwe simu kuhusu hili kwanza.

Na kuhusu ule usiku. Kutaka radhi kwa mzazi hakuhitaji hotuba. Ila ukimwambia tu baba nisamehe, atakujibu yameisha kabla hujamaliza, manake hataki kukuona umeinama, na mtarudi palepale. Labda tafuta wakati ambao si wa mpira, baada ya Alasiri mkiwa mmekaa barazani. Usiseme samahani lakini. Ile "lakini" ndo inayoharibu, samahani lakini nawe ulikuwa unapiga kelele. Ulimvunjia heshima mbele ya watu, na baadhi ya watu wale, shemeji zako hasa, huenda nao wakahitaji kusikia kwamba umeyatengeneza. Hilo utalipima mwenyewe, wewe ndo unaijua nyumba yako, na pengine mzee asipende litajwe tena mbele yao.

Na kama huna pa kuanzia, anza na Martínez. Muulize kama anaukumbuka mguu ule. Kisha muulize siku hizi akisikiliza redio anaona nini kichwani, uwanja anauona wa rangi gani, wachezaji wana sura au ni sauti tu. Mwambie na hii ya vipande vya picha na akiba na robo ya sekunde, mtu aliyekulia Ngomeni akiangalia roketi zinapanda kutoka baharini atalishika upesi kuliko tulivyolishika mimi na wewe, na yeye ndo amweleze mjukuu redio yake ilikosa nini.

Baada ya hapo mtaamua wenyewe, vidioni au mkekani au vyote viwili kwa zamu, redio sikio moja au simu mkononi kwa mtoto. Mnaweza kukuta hata moja halifai mkabaki na goti linalobanwa, na wewe ukaona unaweza kuishi nalo, au ukaona huwezi na ukamwambia ukweli huo, safari hii kwa sauti ya chini.

Niandikie tena unieleze alisema nini. Na mpe mzee shikamoo yangu.

Mama mshauri